Samaki Anayeona kwa Umeme

Kile kinachofanana na mkonga usoni mwa samaki huyu si pua, ni kidevu. Wataalamu humwita Gnathonemus petersii: samaki mdogo, mweusi, wa mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ikiwamo Kongo na Niger. Mchana hujificha kwenye mizizi. Usiku hutoka kupekua tope kwa kidevu hicho akitafuta viluwiluwi vya wadudu, katika maji ambayo jicho halina kazi.

Anachotumia ni umeme. Karibu na mkia ana seli ambazo asili yake ni misuli, lakini badala ya kujikunja hutoa mpigo wa umeme usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu yake ni ndogo mno, hata ukimshika hutahisi kitu. Si sawa na kambare wa umeme wa Mto Nile, ambaye shoti yake hufikia mamia ya volti. Huyu haui kwa umeme wake. Kila mpigo hutandaza uga wa umeme kuzunguka mwili wake, na chochote kilicho karibu huuvuruga kwa namna yake: jiwe huuzuia, mdudu hai huupitisha. Vipokezi vilivyotapakaa kwenye ngozi, na hasa kwenye kidevu, husoma tofauti hiyo papo hapo.

Mipigo hiyohiyo ndiyo lugha ya samaki huyu na ndugu zake. Kila aina ina mpigo wa umbo lake, hivyo dume humtambua jike wa aina yake gizani.

Kusoma yote hayo kuna gharama. Ubongo wa samaki huyu hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili wake. Wa binadamu, tunaojisifu kwa akili, hutumia asilimia 20.

Sayansi ilichelewa kumwelewa. Ilikuwa mwaka 1951 ndipo Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipotangaza kuwa Gymnarchus niloticus, ndugu yake wa karibu, hutoa umeme mfululizo bila kukoma. Wamisri wa kale, bila kujua habari za umeme huo, walikuwa wamekwisha kumtukuza samaki wa ukoo wa Gnathonemus na kumchonga kwa shaba.

Ukoo huo una aina zaidi ya 200, na makazi yao ya asili ni Afrika peke yake. Msomaji wa Mwanza au Musoma anamfahamu mmoja: domodomo, anayeuzwa mialoni. Pamoja naye Ziwa Victoria lina wadogo kadhaa ambao wengi wetu hatujui hata kuwatofautisha, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mvua zinapojaza mito, hupanda kutoka ziwani kwenda kutaga. Tangu katikati ya karne iliyopita, nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito zimekuwa zikiwanasa wakiwa na mayai tumboni, kabla kizazi kipya hakijaanza. Kisha akaja sangara, akawala.

Sangara hatuwezi kumwondoa tena. Nyavu tunaweza. Vikundi vya usimamizi wa fukwe na maofisa uvuvi wa Tanzania, Kenya na Uganda wahakikishe midomo ya mito haitegwi katika miezi ya mvua, na wavuvi waelezwe sababu yake.