Je, Dawa ya Moto ni Moto?

Wazee wetu husema kwamba dawa ya moto ni moto. Tabibu mmoja wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, alijenga uganga mzima juu ya wazo kama hilo. Uganga huo huitwa homeopathi, na waganga wake wamekwisha kufika hata mkoa wetu wa Kilimanjaro. Basi, yatupasa kuufahamu.

Mwaka 1790 Hahnemann, hali akiwa mzima, alikula gome la mti wa kwinini. Akapatwa na hali iliyofanana na homa. Akawaza: kitu kinacholeta dalili fulani kwa mwenye afya kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo.

Kisha alizimua dawa zake. Tone 1 la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti na kutikiswa. Tone 1 la mchanganyiko huo hutiwa tena katika mengine 99, na kuendelea, mara nyingi hata mara 30. Waganga wake huamini kwamba hivyo nguvu huzidi. Lakini hesabu yaonyesha kwamba baada ya mara 12 hivi, ni vigumu kupata hata chembe moja ya dawa. Kinachobaki ni maji, au kidonge cha sukari kilicholoweshwa maji hayo.

Tusimdharau mtu huyo. Siku zake matabibu waliwatoa wagonjwa damu nyingi na kuwapa zebaki. Yeye aliwasikiliza kwa saburi, na wengi hupona wakipumzishwa tu.

Ama mti ule ule, Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, jirani zetu. Katika vita vya 1914–1918 walitengeneza kwinini huko kwa ajili ya askari wao. Kwinini iliponya, si kwa kuwa imefanana na homa, bali kwa kuwa dawa yenyewe imo ndani, kwa kipimo, nayo huua vijidudu vya malaria.

Wewe mzazi wa Usangi, huku juu kuna baridi na mbu ni wachache kuliko tambarare. Lakini watoto wetu hushuka, hulala huko, nao hurudi na homa. Hapo usingoje. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba homeopathi isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, ukimwi, wala kuhara kwa watoto. Mpeleke mtoto zahanati au hospitali akapimwe damu. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto, ambayo nchi yetu imeitumia tangu 2006. Amalize dozi yote, hata akianza kucheza siku ya pili.

Mwombee mtoto wako njiani, lakini safari usiiahirishe. Malaria kali yaweza kuua mtoto kwa siku moja au mbili.