Nyumbani Hamli Nini?

Bibi mmoja alisema yeye ni Mfipa, nami nikaandika "Mfipa". Hatujamaliza togwa, mbuzi akaingia kwenye maharage. Bibi akainuka na fimbo, akamkemea kwa Kimambwe. Kifipa na Kimambwe ni ndugu wa karibu, mgeni hawezi kuvitenganisha, ila aliyekulia Mpui anasikia. Alipokaa nikamwuliza, "Bibi, kumbe mbuzi wako Mmambwe?" Akacheka hadi machozi. Ndipo tukaanza upya.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kazi niliyojipa ni kuandika habari za walio wachache huku Lyangalile, sehemu ya Ufipa: Wamambwe na Walungu waliojificha ndani ya jina la Wafipa, Waislamu katika nchi iliyojaa Wakatoliki, na wale waliofuata dhehebu la Watch Tower. Uchache wao haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba karatasi huwakumbuka pale tu wanapomkera mwenye kalamu.

Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila na dini. Tangu hapo serikali haihesabu hayo, na siilaumu. Mtafiti anabaki na majalada ya wakoloni, na shajara za Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Karema mwaka 1885 huku shirika lao likiwataka waandike kila siku yaliyojiri misheni.

Shajara ni hazina, lakini ni hazina ya mtu mmoja. Humo Mwislamu mara nyingi ni mchuuzi msumbufu, na mhubiri wa Watch Tower, aina ya wale waliovuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini tangu 1919 hivi, ni mchochezi. Basi nimejizoeza kusoma malalamiko kinyumenyume. Padre akinung'unika kwamba vijana wa kijiji fulani wameacha katekisimu, utovu wa adabu naupita. Ninachookota ni kwamba pale palikuwa na mhubiri mwingine, na tarehe ninayo. Kesho yake napanda basi la Laela kutafuta wajukuu.

Kwa wajukuu, swali la "kabila gani?" nimelitupa. Linajibiwa kabla halijaisha. Nauliza mtoto alipewa jina na nani, marehemu aliombewa wapi, nyumbani hamli nini.

Wapo wazee wanaonibishia kwamba Ufipa una wenyewe. Hao nawarudisha Milansi. Masimulizi yetu, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya miaka ya 1960, yanasema wanawake watatu wageni walimfikia huko mfalme Ntatakwa, na ukoo wao, Watwa, ukautwaa utawala uliokuja kugawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Halafu akaja Kimalaunga na bunduki zake, naye mgeni, akaitikisa Lyangalile hadi Wajerumani walipomshinda mwaka 1893. Nikifika hapo wazee hubadili mazungumzo, wakaniuliza bei ya mbolea.

Siku ile ya mbuzi, nilipofunga daftari, bibi alinigeuzia swali langu mwenyewe: "Na kwenu, mwalimu, hamli nini?"

Nilitaka kusema kwetu hakuna mwiko. Nikamkumbuka babu: rozari shingoni, benchi la mbele kanisani, na kitimoto hakugusa maisha yake yote. Sisi tulidhani ni tumbo.