Angani Lafudhi Si Kosa

Kwenye redio ya ndege, tatu ya Kiingereza hutamkwa "tree". Elfu ni "tousand", tano ni "fife", na tisa huongezewa mkia ikawa "niner" ili isichanganywe na tano. Huo ndio utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na unamhusu rubani wa London sawasawa na wa Mwanza. Tamko linalomchekesha mjumbe wa jopo la usaili hapa mjini ndilo analotakiwa kulitumia mtu aliyebeba abiria mia mbili. Tangu Machi 2008, rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa lazima wafikie angalau daraja la nne kati ya sita za umahiri wa Kiingereza. Hupimwa matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa na kujibizana, na alama ya chini kabisa ndiyo inayobeba daraja. Daraja hilo la nne linaruhusu lafudhi ya nyumbani, hata ikikwaza uelewa mara mojamoja. Ila halidumu: inapendekezwa mtu apimwe upya kila baada ya miaka mitatu.

Kumbe Kiingereza cha kazi kinapimika kwa kazi yenyewe. Kwenye usaili wetu, mhasibu hodari huangushwa na mwenzake anayeporomosha ung'eng'e, na hakuna anayeuliza kazi ile inahitaji kipi. Wapo watakaosema rubani ana misemo ya kukariri, mhasibu hana. Lakini mtihani wa ICAO hauishii kwenye misemo. Unapima pia mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa dharura haifuati kitabu. Mwaka 1990 marubani wa safari namba 52 ya shirika la ndege la Avianca waliwaambia waongoza ndege wa New York kwamba mafuta yanaisha, ila hawakutangaza dharura. Ndege ilianguka Long Island, wakafa watu 73. Lafudhi haikuwa tatizo lao.

Mwongozo wa ICAO unamtaka hata aliyezaliwa na Kiingereza aachane na misemo ya kwao na azungumze ili aeleweke. Kwenye jopo la usaili, mzigo wote uko kwa msailiwa. Mwajiri angeweza kutaja kwenye tangazo kwamba anataka mtu wa kuandika ripoti ya mwezi au kujibu simu za wateja wa nje, badala ya lile "awe fasaha" lisilo na kipimo. Madaraja kama hayo ya angani, kwa kazi zetu nyingine, ayaandike nani: Serikali, bodi za taaluma au mwajiri mwenyewe? Na gharama ya kuyafikia ailipe nani?