Mtoto Mdogo Katika Msongamano wa Nakivubo: Yampasayo Mzazi Kabla ya Safari na Wakati wa Dharura

Wananchi wengi wa mipakani, wa Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe, huifahamu Nakivubo kuliko mtaa mwingine wowote wa Kampala. Ni bonde lililo chini ya kilima cha Nakasero. Humo soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi hulijua kwa jina la Owino, limepakana na uwanja wa michezo ulioanzishwa mwaka 1926. Jirani yake vipo vituo vya teksi na vichochoro vya Kikuubo vyenye maduka ya jumla. Mfanyabiashara hushuka garini asubuhi, hununua mitumba, vyombo au sabuni, na jioni hurejea mpakani. Mara nyingi mama huwa ameandamana na mtoto asiyefikia umri wa kuanza shule ya msingi, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwachia.

Makala hii haikusudii kumlaumu mama huyo. Inakusudia kueleza kwa nini mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hupotea kwa urahisi mahali kama hapa, na ni maandalizi gani yatakayomrejesha mikononi mwa wazazi wake upesi.

Sababu ya kwanza ni kimo chake. Mtu mzima huiona njia mbele yake, bali mtoto huona miguu ya watu na mizigo. Humfuata mama kwa kuitazama rangi ya kitenge chake, na vitenge vya rangi moja sokoni ni vingi. Sababu ya pili ni kwamba mtoto mdogo aliyepotea mara nyingi halii papo hapo. Huendelea kutembea akimtafuta mama, na kila hatua humwongezea umbali. Sababu ya tatu ni ulimi. Lugha ya soko la Nakivubo ni Kiganda, ilhali mtoto wa mpakani pengine anajua Kisamia, Kiteso au Lukonzo tu. Akiulizwa jina lake huweza kunyamaza, na akiulizwa jina la mama yake hujibu kwamba anaitwa Mama.

Katika jambo hilo la lugha, Kiswahili kina msaada wake. Kimetumika kwa miaka mingi ndani ya Polisi ya Uganda, na mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili ya nchi. Kwa hiyo mtoto awezaye kusema maneno machache ya Kiswahili ana nafasi kubwa zaidi ya kueleweka katika kituo cha polisi, hata kama Kiganda hakijui.

Maneno hayo hufundishwa kwa mchezo, si kwa vitisho. Jioni, kabla ya kulala, mzazi na ajifanye askari, mtoto naye ajifanye amepotea. Askari aulize: “Jina lako nani? Mama yako anaitwa nani? Mnakaa wapi?” Kisha wabadilishane nafasi, mtoto awe askari, kwani mtoto hulikumbuka zaidi jambo alilolisema mwenyewe. Nambari ya simu ya mzazi huweza kuimbwa kama wimbo, tarakimu chache kila siku, huku mtoto akihesabu vizibo vya chupa au mawe. Michezo ya namna hii haigharimu kitu. Pamoja na kumlinda mtoto, humtayarisha kwa hesabu na lugha atakazozikuta katika shule ya chekechea.

Siku ya safari, andika nambari ya simu upande wa ndani wa nguo ya mtoto, au kwenye kipande cha kitambaa kilichoshonwa kwa ndani. Jina la mtoto lisiandikwe mahali panapoonekana, kwa maana mtu mwenye nia mbaya akilisoma ataliita, na mtoto atadhani kwamba anajulikana. Mpige mtoto picha kwa simu asubuhi hiyo, akiwa na nguo zile zile atakazoshinda nazo. Mfikapo sokoni, mwonyesheni muuzaji mmoja mwenye kibanda cha kudumu, mkubaliane kwamba hapo ndipo mahali pa kukutania. Mfundisheni pia kwamba akiachana nanyi asimame pale pale alipo, wala asimfuate mtu yeyote anayemwahidi kumpeleka kwa mama.

Iwapo mtoto ametoweka, mzazi asingoje. Imani iliyoenea kwamba ni lazima zipite saa 24 kabla ya kuripoti imewapotezea wazazi muda wenye thamani kubwa. Mmoja abaki pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho, na mwingine aende mara moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na ile picha. Kitengo cha Polisi cha Ulinzi wa Mtoto na Familia ndicho kinachoshughulikia mambo haya. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112. Nambari 116 ni ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo, na inatumika kwa kazi hiyo hiyo nchini Uganda, Kenya na Tanzania. Mkazi wa mpakani hana haja ya kukariri nambari tofauti kila avukapo.

Naye aliyemwokota mtoto ana wajibu wake. Asimchukue nyumbani kwake, hata kwa huruma, wala asiondoke naye mtaani kumtafutia wazazi. Ampeleke polisi au kwa viongozi wa baraza la mtaa. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, imeyapa mabaraza hayo jukumu la kumsaidia mtoto aliyepotea na kuwatafuta wazazi wake. Juhudi hizo zikishindikana, mtoto hukabidhiwa kwa afisa wa ustawi wa jamii au polisi. Mtoto akionekana anavushwa mpaka na mtu asiyeweza kueleza uhusiano wao, afisa wa uhamiaji aarifiwe papo hapo, kwa sababu biashara ya kusafirisha watoto imekatazwa na sheria ya mwaka 2009, na adhabu yake ni kali mno.

Lipo pia jambo la mvua. Mfereji wa Nakivubo hupokea maji ya vilima vinavyouzunguka mji na kuyapeleka Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupanda kwa haraka, hata barabara na mfereji visitofautike. Mafuriko ya Machi 2025 yaliua watu jijini Kampala. Mawingu yanapotanda, mtoto abebwe mgongoni au ashikwe kwa kifundo cha mkono, na mzazi apande penye mwinuko akasubiri. Teksi ikimwacha, nyingine itakuja.

Hata hivyo, ulinzi ulio bora huanzia kijijini. Akina mama wanaosafiri siku mbalimbali wanaweza kupeana zamu, anayebaki awaangalie watoto wa wanaokwenda. Kila baraza la mtaa lina kiongozi aliyepewa dhamana ya mambo ya watoto, na ndiye wa kuombwa mahali pa kuwakusanyia na mtu mwaminifu wa kuwalea. Mikutano ya polisi na jamii katika eneo lenu ni mahali pafaapo pa kulileta ombi hilo, ili msimu wa biashara unapofika kila mzazi awe anajua ni nani anayebaki na mtoto wake.