Rubani wa ndege ya mizigo

Rubani wa ndege ya mizigo hufanya kazi ileile ya rubani wa abiria, kwa leseni ileile, na mara nyingi kwa ndege ya aina ileile. Tofauti kubwa iko kwenye saa. Abiria hupenda kusafiri mchana na kulala usiku, lakini mzigo haulali. Kifurushi kilichokabidhiwa jioni hutakiwa mlangoni kwa mteja asubuhi, na waridi lililokatwa Naivasha lazima lifike mnadani Uholanzi kabla halijaanza kunyauka. Ndiyo maana ndege nyingi za mizigo huruka wakati watu wengine wamelala, na karibu kila jema na kila baya la kazi hii chanzo chake ni hapo.

Mfumo wa vifurushi vya usiku ulishika sura yake Marekani. Tarehe 17 Aprili 1973 kampuni ya Federal Express, ambayo leo ni FedEx, ilianza kazi mjini Memphis kwa ndege ndogo 14, na usiku huo wa kwanza ilibeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Mpango wake ulikuwa kukusanya kila kitu mahali pamoja: ndege huondoka miji mbalimbali jioni, hukutana kwenye kituo kikuu karibu na usiku wa manane, mizigo hupangwa upya kwa saa chache, kisha ndege hutawanyika tena kabla hakujapambazuka. UPS hufanya vivyo hivyo Louisville, na DHL Leipzig. Rubani wa mfumo huu huweza kutua saa sita usiku, akajilaza saa mbili hivi kwenye vyumba vya mapumziko vya kituoni, kisha akaamshwa kurusha ndege saa kumi alfajiri.

Tawi la pili ni la safari ndefu zenye shehena kubwa. Boeing 747-400 ya mizigo hubeba tani 110 na ushei, na Boeing 777 ya mizigo hubeba takriban tani 100. Ndege za namna hii ndizo zinazochukua maua Nairobi kuyapeleka Amsterdam na Liège, na safari zake huongezeka kila inapokaribia tarehe 14 Februari. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi, hivyo injini na mabawa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ubaridi wa usiku huruhusu ndege ipae na mzigo mzito zaidi. Rubani wa tawi hili huondoka nyumbani kwa wiki moja, mbili au zaidi, akihama bara hadi bara, na kwenye safari ndefu marubani watatu au wanne hupokezana usukani na kitanda.

Njia ya kuingia haina mkato. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambavyo Kenya, Tanzania na Uganda huvifuata, hudai saa 200 za kuruka kwa leseni ya rubani wa biashara, au 150 kwa aliyesoma kozi maalumu iliyoidhinishwa, na saa 1,500 kwa leseni ya juu inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa. Juu ya hapo kuna mafunzo ya aina mahususi ya ndege, majaribio mawili kila mwaka ya kuthibitisha umahiri, na vipimo vya afya visivyokwisha hadi siku ya kustaafu. Gharama hizo zote ni zilezile kwa anayetaka kubeba watu na kwa anayetaka kubeba mizigo.

Wanaoipenda kazi hii hutaja kwanza utulivu. Hakuna abiria mlevi, hakuna tangazo la kuomba radhi, hakuna kumsubiri msafiri aliyepotea dukani. Usiku anga huwa na nafasi, na waongoza ndege mara nyingi humruhusu rubani akate moja kwa moja badala ya kuzunguka njia za kawaida. Chakula hujipashia mwenyewe, kwa kuwa hakuna mhudumu. Mizigo yenyewe ina ladha yake: farasi wa mashindano wakiwa na watunzaji wao, mitambo ya visima vya mafuta, dawa na chakula cha msaada baada ya tetemeko. Kwenye kampuni kubwa za vifurushi za Marekani mishahara ya makapteni ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika fani nzima, na zamu hupangwa kwa mafungu, hivyo mtu huweza kupata siku nyingi mfululizo za kukaa nyumbani.

Mizigo pia huweza kusimama imara pale abiria wanapotoweka. Mwaka 2020, ndege za abiria zilipoegeshwa kwa sababu ya Uviko-19, matumbo yake yaliyokuwa yakibeba sehemu kubwa ya shehena ya dunia yaliegeshwa pia, na ndege za mizigo zikawa na kazi kuliko wakati wowote. Kenya Airways ilifikia hatua ya kupakia mizigo ndani ya vyumba vya abiria vya Boeing 787. Lakini wimbi hilo lilirudi baharini. Mwaka 2023 UPS ilikuwa ikiwapa marubani wake malipo ili wastaafu mapema.

Gharama kubwa kuliko zote ni usingizi, na hapa ndipo vijana wengi hukosea hesabu. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayoongozwa na mwanga. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi joto la mwili hushuka, umakini hupungua na mikono huwa mizito, hata kwa aliyezoea. Usingizi wa mchana huwa mfupi na wa juujuu: kuna jua, kelele za barabarani, watoto. Deni la usingizi hulimbikizana zamu hadi zamu. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda husababisha saratani, na mwaka 2019 ikarudia uamuzi huo kuhusu kazi ya usiku.

Tarehe 14 Agosti 2013, saa 10:47 alfajiri, ndege ya UPS aina ya Airbus A300 iligonga kilima ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, na marubani wake wawili wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba waliendelea kushuka ilhali njia yao ya kutua haikuwa imetulia, na wakautaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Miezi michache baadaye, Januari 2014, Marekani ilianza kutumia kanuni mpya za mapumziko zinazozingatia saa ambayo rubani anaanza zamu, lakini za ndege za abiria peke yake. Marubani wa mizigo waliachwa chini ya kanuni za zamani kwa hoja ya gharama. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu mwili hauelewi kilichopakiwa nyuma ya mlango. Kanuni za Ulaya haziwatenganishi marubani kwa namna hiyo, hivyo anayeomba kazi anapaswa kuuliza sheria ya nchi gani itamlinda kabla ya kuuliza mshahara.

Mzigo nao una hatari zake. Usipofungwa sawasawa huhama. Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747 iliyokuwa imebeba magari matano ya deraya ilianguka mara tu baada ya kupaa Bagram, Afghanistan: gari lilichomoka kwenye mikanda, likarudi nyuma na kuharibu mitambo ya mkia. Wote saba waliokuwemo walikufa. Moto ni adui mwingine. Kwenye sakafu kuu ya ndege nyingi za mizigo moto haumwagiwi dawa. Rubani hupunguza shinikizo la hewa ili moto ukose oksijeni, naye hubaki na barakoa yake. Betri za lithiamu hushinda mbinu hiyo, kama ilivyotokea Dubai tarehe 3 Septemba 2010, moshi ulipojaa mpaka marubani wawili wa Boeing 747 hawakuweza kuziona mita zao. Wote wawili waliaga dunia. Baada ya ajali hiyo yalianza kuenea makontena yanayohimili moto na vifaa vya kumsaidia rubani aone katikati ya moshi.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki, mlango wa kawaida ni ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi: Cessna Caravan, Fokker 50 na nyinginezo, zikibeba misaada, vipuri na miraa. Huko saa za kuruka hujaa haraka, na viwanja vya vumbi humfunza rubani mambo ambayo darasa haliwezi. Ila soko lake huweza kutegemea bidhaa moja. Somalia ilipozuia miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, safari hizo zilikatika kwa amri moja ya serikali. Nafasi za ndege kubwa za mizigo ni chache: Air Tanzania ilipokea Boeing 767 yake ya mizigo yenye uwezo wa tani 54 mwezi Juni 2023, na Ethiopian Airlines ndiyo yenye kundi kubwa zaidi barani.

Umri wa mwisho wa kurusha ndege za biashara za kimataifa zenye marubani wawili ni miaka 65, kwa mizigo na kwa abiria. Kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kunawezekana, kwa kuwa leseni ni moja na saa za kuruka huhesabiwa sawa. Lakini kwenye kampuni nyingi ratiba, likizo na ukapteni hugawiwa kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, na anayehama baada ya miaka 15 huanzia chini kabisa ya orodha, akipewa zile zamu ambazo waliomtangulia wamezikataa.