Dekoderi ya kurekodi: kwa nini mechi inakatika mbele ya penalti

Pa Kasumbalesa, mutu anayetaka kutazama mupira ku nyumba iko na njia mbili: kuchukua abonema ya Canal+ upande wa Kongo, ao kuvuka mupaka, kununua dekoderi ya DStv ku Zambia na kulipa kwa kwacha. Kuna wanaofanya yote mbili. Wale wanaokubali kutoa feza zaidi wanachukua dekoderi ya kurekodi, ile iko na disk ndani. Unalala mapema, asubuhi mechi inakungojea. Angalau vile njo muuzaji anasema. Kisha asubuhi hakuna kitu, ao kuna nusu saa tu, ao picha inakatika palepale mutu anataka kujua nani ameshinda.

Tukumbuke 28 Januari 2024, CAN ya Côte d'Ivoire, Léopards na Misri pa San-Pédro. Mechi ilianza saa 22:00 ya Lubumbashi. Walifika 1-1, wakaongeza dakika 30, bado 1-1, kisha penalti, mpaka golikipa Lionel Mpasi mwenyewe akafunga ile ya mwisho: 8-7. Ilikuwa imeshapita katikati ya usiku. Dekoderi iliyoambiwa irekodi mechi ya saa mbili ilikuwa imeshafunga kazi zamani. Haikuharibika. Inafuata ratiba ambayo kampuni inatuma kupitia satelaiti, na ratiba haiwezi kujua kama kutakuwa penalti. Kwa hiyo mechi ya mutoano inaombwa saa moja ya ziada. Dekoderi nyingi ziko na mahali pa kuongeza dakika mu menyu, lakini ni wauzaji wachache wanaoonyesha.

Kuna tena mambo ya saa. Haut-Katanga inatumia saa moja na Zambia, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Tangazo la Kinshasa lilisema saa 21:00 kwa ile mechi. Mutu akiandika kwa mukono 21:00 mpaka 23:00 juu ya dekoderi yenye saa ya Lubumbashi, atapata nusu ya kwanza tu. Afazali kuchagua mechi yenyewe mu ratiba ya ekra kuliko kuandika masaa.

Lakini si makosa yote ni ya muteja. Dekoderi nyingi zinafika ku soko mbele ya kazi yake kumalizika. Chuma kinatoka mu fabrike, kinapakiwa, na wakati ule wale wanaoandika programu ya ndani bado wanaendelea. Kampuni imeshachagua tarehe ya kuuza, kwa kawaida mbele ya msimu wa mupira ao mbele ya Noeli, na haitaki kuirudisha nyuma. Basi inauza, kile kimebakia itatuma kidogo kidogo. DStv Explora, yenye disk ya terabaiti 2, ilianza kuuzwa Afrika Kusini mwezi wa 8 mwaka 2013. XtraView, ile njia ya kuunganisha dekoderi mbili juu ya abonema moja, haikukuwa tayari siku ile; ilikuja baadaye. Na disk yote haikukuwa ya muteja: kampuni ilihesabu masaa karibu 220 ya kurekodi, nafasi ingine ilikuwa ya filamu na vipindi ambavyo yenyewe inaweka.

Kile kimebakia kinapita mu parabole, mara nyingi usiku, na mateknisia wanakiita «mise à jour». Ili kifike, dekoderi lazima iwe na kura na ipate signali. Hapa Kasumbalesa mambo yanakuwa magumu. Kura ya SNEL inakatika, ao mwenye nyumba anachomoa fishi mbele ya kulala juu ya kulinda vyombo. Dekoderi inakosa programu mupya wiki moja, wiki mbili, na muteja anaendelea kuona kosa lilelile ambalo kwa jirani limeshatengenezwa. Kura ikikatika katikati ya mise à jour, dekoderi inaweza kugoma kuwaka kabisa. Na disk inayozunguka haipendi kukatiwa kura. Batri ndogo pembeni ya dekoderi inasaidia kuliko maombi.

Kosa lingine linatoka ku paa. Kurekodi sheni moja na kutazama ingine kunaomba signali mbili, maana yake kamba mbili kutoka ku kichwa cha parabole, ao kichwa cha aina ya pekee. Kuna wanaoleta kamba moja tu na kulipwa kazi yote. Mama wa nyumba atasema dekoderi ni mubaya, kumbe ni kamba.

Muteja wa mupaka iko na shida yake ya pekee. Haki za kuonyesha mechi zinauzwa inchi kwa inchi, na abonema ya Zambia imeandikwa kwa mutu anayekaa Zambia. Dekoderi ikikataa, ajansi ya Lubumbashi haina namba yake. Lazima kuvuka, pengine kufika Chililabombwe, na mule ndani vipindi vyote ulivyochunga vinafungwa na ile dekoderi. Ukipewa ingine, vimepotea. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2025 Canal+ imekuwa mwenye MultiChoice, kampuni ya DStv, lakini hiyo haigeuzi resi uliyo nayo mu mukono.

Basi mbele ya kutoa feza, omba waunganishe dekoderi palepale mu duka. Simamisha picha dakika tano, kisha iendeleshe. Rekodi sheni moja ukitazama ingine, halafu fungua ile umerekodi. Uliza pia kama abonema ikiisha utaweza bado kufungua vile umechunga, maana kwa dekoderi nyingi vinafungwa mpaka ulipe tena. Muuzaji akijibu kama jambo fulani «litakuja na mise à jour», mwambie aandike lile jambo ku resi, ao apunguze bei.