Tulifunzwa mazida, sasa tunadaiwa inkisari

Jumapili moja jioni, binti wa jirani yangu hapa Ruiru alibisha mlango akiwa na kipakatalishi kwapani na uso wa mtu aliyetoka mazishini. Yeye ni mhasibu. Kila asubuhi hupanda matatu kwenda Thika, ambako ameajiriwa na chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Alikuwa akiomba nafasi ya kusomea ng'ambo shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo wengi wetu huiita MBA. Makataa yalikuwa yamebakisha siku mbili.

"Prof, nisaidie na hii insha," alisema hata kabla hajaketi. "Wanataka maneno 250. Mimi nimeandika 612."

Nilimwuliza amejaribu nini hadi sasa. Kumbe alikuwa na nakala ya pili. Alikuwa ameilisha ile ya kwanza kwenye programu ya akili unde, ikamtemea nyingine yenye maneno 250 kamili, si moja zaidi, si moja pungufu.

"Sasa shida iko wapi?" nikamwuliza.

"Imetoshea, Prof. Lakini nikiisoma, naona si mimi."

Nilizisoma nakala zote mbili. Alisema kweli. Ya kwanza ilikuwa na kila kitu na haikuwa na umbo. Ya pili ilikuwa na umbo na haikuwa na mtu. Humo mlisalia cheo chake, jina refu la idara yake, na maneno makubwa makubwa kuhusu ufanisi, ubunifu na mageuzi. Katika ile ndefu nilikuwa nimekutana na mzee mmoja mkulima, aliyetajwa kwa sentensi mbili tu karibu na mwisho. Katika ile fupi, mzee hayupo. Ametolewa ili cheo kipate nafasi.

Naandika makala haya kwa sababu binti huyu hayuko peke yake. Kila mwaka vijana wengi wa kwetu hukumbana na visanduku vya aina hii: vya vyuo vya biashara, vya wafadhili wa masomo, vya waajiri. Chukua Chuo cha Biashara cha Harvard, Marekani. Kwa miaka kadhaa kiliwauliza waombaji swali moja la wazi. Mwaka wa 2024 kikageuza mtindo, kikaleta maswali matatu: moja la maneno 300, na mawili ya maneno 250 kila moja. Jumla ni maneno 800, na hayo ndiyo mwisho.

Sasa tulinganishe na nyumbani. Mtahiniwa wa KCSE akifungua Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili, ile ya Insha, hutakiwa kuandika insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika arobaini na tano. Agizo husema kila insha isipungue maneno 400. Mara mbili ni 800. Hebu tazama ajabu hii: takwimu ni ile ile, lakini kwetu ni sakafu, kwao ni dari. Mtoto wetu huadhibiwa kwa kutofika 800. Mwombaji huadhibiwa kwa kuyapita.

Ndiyo maana tangu darasa la nne tumekuwa mafundi wa kujaza. Tunajua kuamka alfajiri na mapema, kusikia jogoo akiwika, kuoga, kunywa chai na kuwaaga wazazi, na ukurasa mzima unakwisha kabla safari haijaanza. Tunajua kupanga methali tatu mahali ambapo moja ingetosha. Sisemi walimu walikosea. Nami nilikuwa mwalimu wa insha, na nilizipenda hizo methali. Kumfunza mtoto kutanua mawazo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba tulimfunza nusu ya kazi.

Mshairi wa Kiswahili anazijua nusu zote mbili. Katika tarbia ya kawaida ana mizani 16 katika kila mshororo na mishororo minne katika kila ubeti, basi mizani 64 na mlango umefungwa. Akipungukiwa, hutumia mazida: "afya" huirefusha ikawa "afiya". Akizidiwa, hutumia inkisari: "aliyekuja" humfupisha akawa "alokuja". Kila aliyepita kidato cha tatu anakumbuka istilahi hizi mbili. Lakini mwulize mshairi stadi, atakwambia kwamba inkisari ni dawa ya mwisho, si chakula cha kila siku. Kwanza huchagua wazo linaloweza kukaa katika ubeti. Asiyefanya hivyo hubaki akikatakata silabi mpaka msomaji asijue kinachosemwa.

Waombaji wengi wanafanya kosa hilo hilo. Wana mawazo sita, wanayashindilia katika kisanduku kimoja, kisha wanaanza kung'oa vijineno. Wengine huunganisha maneno kwa vistari ili tarakilishi iyahesabu kama neno moja. Hizo ni hila za mtu anayekalia sanduku la safari ili lifungike. Sanduku litafungika kweli, lakini nguo zitafika zimekunjamana.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa lugha tunafaa kulisema. Tarakilishi haihesabu mawazo. Inahesabu nafasi tupu kati ya maneno. Kiswahili hubandika viambishi vingi kwenye mzizi mmoja, kwa hivyo "hawakuniambia" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji matano kusema hivyo: la nafsi, la wakati, la kukanusha, la kuambia, na la mtendewa. Kijana anayefikiri kwa Kiswahili au Gikuyu kisha akaandika kwa Kiingereza hushangaa wazo lake dogo likifura mbele ya macho yake. Hapo asijilaumu. Lakini pia asijigambe kwamba lugha yetu ni fupi kwa maumbile. Sisi nasi tuna ugonjwa wetu. Soma sentensi hii: "Nilichukua hatua ya kuanzisha mchakato wa utoaji wa mafunzo kwa wakulima." Maneno 11. Alichotaka kusema ni: "Niliwafunza wakulima." Mawili. Tisa yaliyobaki ni suti na tai.

Na hapo ndipo penye faida ya kwanza ya kikomo. Kinakulazimisha kumrudishia kitenzi kazi yake. Ukiona "nilifanya uchunguzi wa", sema "nilichunguza". Ukiona "nilitoa msaada kwa", sema "niliwasaidia". Kanuni hii inafaa katika Kiingereza sawasawa na inavyofaa katika Kiswahili.

Lakini kwa binti wa jirani, vitenzi pekee visingetosha. Nilimwambia afunge kipakatalishi. Nikavua saa yangu nikaiweka mezani. "Nisimulie kwa Kiswahili," nikamwambia, "ni jambo gani ulilofanya kazini ambalo usingependa lisahaulike. Dakika mbili tu."

Alinyamaza kidogo, kisha akaanza. "Prof, wakulima walikuwa wanapewa karatasi ya malipo kurasa nne, yote Kizungu. Makato yote yako hapo, lakini nani atayasoma? Mzee mmoja akakuja ofisini akaniuliza, 'Mwanangu, pesa yangu imeenda wapi?' Nikakaa naye, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Hiyo wiki nikaandika ile karatasi upya. Ukurasa mmoja, kwa Gikuyu na kwa Kiswahili. Bosi wangu hakufurahia, alisema inaonekana kama ya watoto. Lakini nikaipigania, ikapita. Msimu uliofuata yule mzee akarudi. Akaniambia, 'Siku ile nilikuja kuuliza. Leo nimekuja kugombana, kwa sababu leo najua ninachogombania.'"

Hata dakika mbili hazikuwa zimeisha. Nilikaa kimya kwa muda. Nimefundisha chuoni miaka mingi, nimesikia wanaisimu wakijadili lugha na mamlaka kwa vitabu vizima, na sikumbuki wengi waliolisema vizuri kuliko mzee huyo.

"Zile kurasa nne," nikamwuliza, "ulipozifanya moja, ulitoa nini?"

"Nilitoa vitu vya ofisi. Nikaacha vitu vya mkulima."

"Basi unaijua kazi. Mbona kwa insha yako umefanya kinyume? Umemtoa mkulima, ukaacha ofisi."

Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Tukaandaa uji, tukaanza upya.

Kwa manufaa ya msomaji aliye na kisanduku chake, nitaeleza tulivyofuata. Kwanza, tulilisoma swali. Liliuliza juu ya uongozi. Halikuuliza alisomea wapi, alipata alama gani, wala cheo chake ni kipi. Hayo yote yalikuwa tayari katika wasifu wake, katika hati za matokeo, na katika barua za waliompendekeza. Kuyarudia katika insha ni kulipa nauli mara mbili kwa safari moja. Kwa hatua hiyo pekee, zaidi ya maneno 100 yalianguka.

Pili, tulichagua tukio moja. Ile nakala ndefu ilikuwa na matukio matano: kikundi cha vijana kanisani, mafunzo ya kompyuta, tuzo ya ofisini, na kadhalika. Yote ni mema. Lakini matukio matano katika maneno 250 ni maneno 50 kila moja, na hakuna binadamu anayeonekana katika maneno 50. Tukabaki na karatasi ya malipo.

Tatu, tulikata vikubwa kabla ya vidogo. Aya kwanza, kisha sentensi, neno mwisho. Aya yake ya kwanza ilikuwa inaeleza umuhimu wa uongozi bora katika dunia ya leo. Anayesoma maombi hayo anaufahamu umuhimu huo. Ndiyo kazi yake. Aya nzima ikaenda, na hatukuhitaji kung'oa kiunganishi hata kimoja.

Nne, na hili ndilo waandishi wengi hulikosea, tulilinda mambo mahususi. Ukibanwa, mkono hukimbilia kufuta namba, mahali na mtu, kwa sababu huonekana kama mapambo. Kumbe ndiyo nyama yenyewe. Kurasa nne kuwa moja, lugha mbili, mzee aliyerudi, bosi aliyepinga: hayo hayapatikani katika insha ya mwombaji mwingine yeyote duniani. Maneno kama "mageuzi" na "ufanisi" yamejaa katika insha za wote.

Tano, aliisoma kwa sauti. Ufupi una mpaka wake. Wazee wenzangu wanakumbuka telegramu, ambayo ulilipia kwa kila neno. "Mama mgonjwa njoo haraka." Maneno manne, na mtu anapanda basi usiku huo huo. Lakini telegramu huelewana kati ya watu wanaojuana. Msomaji wa maombi hamjui mama yako. Sentensi ikikukwama kooni kwa kukosa kiunganishi, irudishie kiunganishi chake.

Nikubali kwamba somo hili nililipata kwa kuchapwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu, nilituma ikisiri kwa kongamano fulani. Walitaka maneno 300. Niliandika 500, nikiamini kwamba usomi wangu ungewafanya wasamehe. Ikarudi bila kusomwa. Nilikasirika mwezi mzima. Leo, nikiwa mimi ndiye ninayesoma ikisiri za wengine, nimeelewa kwamba kikomo nacho ni swali. Kinauliza: unaweza kutofautisha lililo zito na lililo jepesi? Kwa mtu anayetaka kuongoza biashara, nadhani swali hilo ni la haki.

Hapa Ruiru tuna kituo cha utafiti wa kahawa, na mwaka wa 1985 kilitoa aina inayobeba jina la mji wetu, Ruiru 11. Ni mti mfupi. Mkulima huweza kuipanda mingi zaidi katika shamba lile lile, na tena hustahimili chule buni na kutu ya majani. Binti huyu anaifahamu vyema, maana wakulima wake wanayo. Nilimkumbusha kwamba Ruiru 11 si mti mrefu uliokatwa kichwa. Watafiti waliuzalisha kwa miaka mingi ili utoke kwenye mbegu ukiwa mfupi. Insha ya maneno 250 ni vivyo hivyo. Ukiichonga kutoka kwa ile ya 612, itabaki kisiki. Ipande upya, kutokana na wazo moja linalotoshea.

Saa nne na nusu usiku alimaliza. Tarakilishi ikaonyesha maneno 231. Akaniangalia kwa wasiwasi wa mtahiniwa wa KCSE. "Prof, bado 19. Niongeze nini?"

"Una la kusema ambalo hujalisema?"

Akafikiri. "La."

"Basi funga."

Aliituma kesho yake kutoka Thika wakati wa chakula cha mchana. Majibu hayajatoka ninapoandika haya, na sina ndoto ya kuyatabiri. Vyuo hivyo hupokea maombi mengi na nafasi ni chache. Lakini jambo moja nina hakika nalo. Huko aliko, mtu fulani atafungua faili na kukutana na mzee wa kahawa aliyejua anachogombania. Insha ya kwanza ingemchosha msomaji kabla hajamfikia mzee huyo. Ya pili ilikuwa imemfukuza kabisa.